Ammar bin Ali, Tabibu wa Macho

Leo tunamkumbuka Ammar bin Ali Al-Mawsili, tabibu wa macho mzaliwa wa Mosul, Iraki, aliyefanya kazi Misri zama za Khalifa Al-Hakim (996–1021).

Hapa Iringa tunawajua wazee wenye mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni. Matabibu wa kale waliusukuma chini kwa sindano. Kisha mgonjwa alilazwa chali siku kadhaa bila kujigeuza, ukungu usije ukapanda tena.

Ammar alitengeneza sindano ya chuma yenye tundu ndani, ili aufyonze ukungu na kuutoa kabisa. Hakukimbilia kuitumia. Alipofika Tabariya, Palestina, alijiwa na mgonjwa asiyeweza kulala chali. Ammar akamtibu kwa sindano ile, na kwa maelezo yake mtu yule akaona papo hapo. Alimfunga jicho siku saba tu, naye akalala apendavyo. Huko Misri akawatibu wengi vivyo hivyo.

Elimu hiyo hakuificha, bali aliiandika katika kitabu chake Al-Muntakhab.

Leo madaktari wana sindano nyembamba mno zenye tundu, zinazopeleka dawa chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba moja ya namna hiyo.

Vijana wetu, Ammar aliihurumia taabu ya mgonjwa, akatafuta njia. Nanyi someni sayansi kwa nia hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.