Immanuel Kant: Mwalimu wa Kufikiri

Majina ya wanafalsafa wakubwa hukaririwa mara nyingi katika vyuo vya ualimu kwa ajili ya mtihani, kisha husahaulika. Katika makala haya twapenda kumtazama mmoja wao, Immanuel Kant, kama mwalimu mwenzetu. Alisimama mbele ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka 40, na mambo matatu aliyoyatafakari, yaani maarifa, maadili na uhuru, ndiyo yanayomkabili kila mwalimu aingiapo darasani.

Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 katika mji wa Königsberg, uliokuwa wa ufalme wa Prussia. Leo mji huo umo katika nchi ya Urusi na huitwa Kaliningrad. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza hatamu na mikanda ya farasi. Mama yake alifariki mwaka 1737, mtoto akiwa na umri wa miaka 13. Alisomeshwa katika shule ya dini yenye nidhamu kali, na ukali ule aliukumbuka kwa uchungu hata utu uzimani. Mwaka 1740 aliingia chuo kikuu cha mji huo huo. Baba alipofariki mwaka 1746, kijana alilazimika kujitafutia riziki kwa kufundisha watoto majumbani mwa watu wenye uwezo. Mwaka 1755 alianza kufundisha chuoni bila mshahara, akilipwa na wanafunzi waliokuja kumsikiliza. Aliishi hivyo kwa miaka 15, akifundisha mantiki, hisabati, fizikia na hata jiografia, ingawa hakusafiri kamwe mbali na mji wake. Uprofesa aliupata mwaka 1770.

Katika tangazo la masomo yake la mwaka 1765 alieleza kwamba mwanafunzi haji kupokea fikra zilizokwisha kufikiriwa na wengine. Huja kujifunza kufikiri. Kauli hiyo ndiyo mzizi wa falsafa yake yote.

Tuanze na maarifa. John Locke wa Uingereza (1632–1704) alikuwa amefundisha kwamba akili ya mtoto ni kama karatasi tupu, nayo huandikwa na yale aonayo na aguswayo nayo. David Hume wa Scotland (1711–1776) aliifuata njia hiyo hadi mwisho wake, akasema kwamba hata imani yetu kuwa jambo moja husababisha jingine ni mazoea tu. Kant alistushwa na hoja hiyo, na katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1781 akaijibu. Tuchukue mfano wake wa jiwe lililoanikwa juani. Macho hutuonyesha jua, na mkono hutuambia kwamba jiwe lina joto. Lakini kwamba jua ndilo lililolitia joto jiwe ni hukumu ya akili yenyewe. Basi maarifa yahitaji vyote viwili: milango ya fahamu ilete habari, na akili izipange. Mwalimu anayemimina habari tu ameifanya nusu ya kazi.

Katika maadili, Hume aliona kwamba wema watokana na hisia zetu, hasa ile ya kuwahurumia wenzetu. Kant hakuridhika, kwani hisia hubadilika. Katika kitabu cha mwaka 1785 alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mtoto. Akifanya hivyo ili asipoteze wateja, tendo lake ni sahihi lakini halina thamani ya maadili. Thamani hupatikana atendapo kwa sababu ni wajibu. Kipimo chake ni kujiuliza kama kanuni yangu yaweza kuwa sheria kwa watu wote, na kama nimemheshimu mwenzangu kwa utu wake badala ya kumfanya chombo tu.

Kuhusu uhuru, Locke alijali zaidi kumkinga raia dhidi ya mtawala asiye na mipaka. Jean-Jacques Rousseau (1712–1778) aliongeza kwamba mtu huru ni yule anayeitii sheria aliyojiwekea. Kant, ambaye yasemekana alikatiza matembezi yake ya kila siku ili akisome kitabu cha Rousseau juu ya malezi, aliipeleka fikra hiyo ndani ya nafsi ya kila mtu. Hapo ndipo alipokutana na fumbo la kazi yetu: mtoto atafikaje kwenye uhuru kwa njia ya kulazimishwa? Katika mihadhara yake juu ya malezi, iliyochapishwa mwaka 1803, alishauri kwamba mtoto aachwe huru maadamu hajidhuru wala hawazuii wengine. Aonyeshwe kwamba hawezi kupata atakalo bila kuwaachia wenzake nao wapate yao. Na aelezwe kwamba amri anazopewa ni za kumwandaa ajitawale.

Hatuna budi kusema pia alipopungukiwa. Katika kitabu cha mwaka 1764 aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika, akawahukumu watu ambao hakuwahi kuishi nao. Mwaka 1795, alipoandika juu ya amani ya kudumu, alilaani uvamizi wa Wazungu katika nchi za wengine na utumwa wa visiwa vya miwa. Lakini yale ya kwanza hakuyafuta hadharani. Je, tuache kumfundisha? La. Tumpime kwa kipimo chake mwenyewe, na wanafunzi wetu washiriki katika kupima. Kanuni ya kuheshimu utu wa kila mtu yamhukumu hata aliyeitunga, na mwanafunzi anayeweza kuliona hilo amekwisha kujifunza kufikiri.

Kant alitoa mhadhara wake wa mwisho mwaka 1796, akafariki tarehe 12 Februari 1804. Kwa mwalimu wa leo, urithi wake waweza kujaribiwa katika kipindi kimoja tu. Atoapo amri, aeleze sababu yake. Aulizapo swali, asubiri jibu. Na mwanafunzi akimpinga kwa hoja, asikilizwe. Nidhamu isiyomfikisha mtoto mahali pa kujiongoza itakoma siku mwalimu atakapotoka mlangoni.