Maisha ya Daktari Huggins ni Funzo Kwetu

Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa maradhi makubwa yanayowaandama wanaume wakiingia utu uzima. Tezi hiyo imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mfereji wa mkojo, na kwa kijana ukubwa wake haupiti sana kungumanga. Hata hivyo, katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, saratani yake ndiyo inayowapata wanaume wengi kuliko saratani nyingine zote. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wa mashamba na wa maofisini, habari za marehemu Daktari Charles Brenton Huggins, mpasuaji aliyebadili kabisa matibabu ya maradhi hayo. Hatumtaji ili kumsifu tu. Tunamtaja kwa sababu maisha yake yanajibu swali linalowakabili viongozi kila wanapokaa kugawa nafasi za masomo: daktari bingwa hupatikana kwa njia gani?

Huggins alizaliwa Septemba 22, 1901, katika mji wa bandari wa Halifax, jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Mwaka 1920 alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Acadia, na mwaka 1924 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akiwa bado hajatimiza miaka 23. Akaendelea kwa miaka mitatu kujifunza upasuaji katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1927 aliitwa Chicago, ambako chuo kikuu cha mji huo kilikuwa kinaanzisha kitivo kipya cha udaktari. Utaratibu wa kitivo hicho haukuwa wa kawaida kwa wakati ule. Wodi na maabara ziliwekwa pamoja, na walimu walilipwa mshahara wa chuo wafundishe, watibu na kuchunguza, bila ya kutegemea ada za wagonjwa wao binafsi. Mambo hayo mawili tunaomba wasomaji wayaweke akilini, kwani ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata.

Mkuu wa upasuaji pale Chicago, Profesa Dallas Phemister, alimtaka kijana huyu ashike upasuaji wa njia ya mkojo. Huggins hakuwa amesomea fani hiyo. Hakukataa, wala hakujifanya anajua. Alikaa na vitabu, akajifunza mwenyewe, na huku akifanya kazi wodini. Kisha alitambua kwamba mkono hodari peke yake hautoshi, akaenda Ulaya katika miaka ya 1930 na 1931 kutafuta elimu ya kemia ya mwili. Mjini London, katika Taasisi ya Lister, alifanya kazi na Robert Robison, mtaalamu wa vimeng'enya vinavyohusika na ujenzi wa mifupa. Alifika pia Berlin kwa Otto Warburg, bingwa wa uchunguzi wa seli za saratani. Mpasuaji aliyekwisha kupewa cheo akarudi kuwa mwanafunzi. Elimu ni bahari, na aliyeogelea ufukweni asijidai kuwa ameivuka.

Aliporudi Chicago aliigeukia tezi dume. Zama hizo wataalamu wengi waliamini kwamba seli ya saratani imekwisha kuasi, haitawaliwi tena na mwili, na hivyo dawa yake ni kisu au mionzi basi. Huggins alianza na swali dogo zaidi: tezi hii yenyewe hufanya kazi kwa amri ya nani? Alichagua mbwa, kwa kuwa ni mmoja wa wanyama wachache ambao tezi hiyo huwavimba uzeeni kama inavyomvimba binadamu. Mwaka 1939 yeye na wenzake walieleza namna ya kuitenga tezi na kibofu, ili maji yake yakusanywe na kupimwa kwa muda mrefu. Ikadhihirika kwamba mbwa akiondolewa korodani, tezi hunywea na maji yake hukauka. Akidungwa homoni ya kiume, tezi huamka tena. Akipewa homoni ya kike, hunywea kama mwanzo.

Kutoka kwa mbwa alihamia kwa binadamu. Ilikuwa imekwisha kugunduliwa kwamba saratani ya tezi dume ikitapakaa, kimeng'enya kimoja kiitwacho asidi fosfatasi huzidi katika damu. Elimu aliyoichuma London sasa ikamfaa. Mwaka 1941 Huggins na msaidizi wake kijana, Clarence Hodges, walionyesha kwamba mgonjwa akiondolewa korodani au akipewa homoni ya kike, kimeng'enya hicho hushuka, na akidungwa homoni ya kiume, hupanda. Mwaka huo huo zilichapishwa habari za wagonjwa 21 waliofanyiwa upasuaji huo, wote saratani yao ikiwa imekwisha kwenda mbali. Wengi wao walipata nafuu. Maumivu ya mifupa yalipungua, hamu ya chakula ikarudi, na baadhi ya waliokuwa hawajiwezi wakasimama. Wanne kati yao waliishi zaidi ya miaka 12. Hivyo ikathibitika kwamba zipo saratani zinazoishi kwa kutegemea homoni, na kwamba zikinyimwa riziki hiyo hudhoofika.

Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu. Nafuu hiyo ilikuwa na gharama. Kumwondolea mwanamume korodani ni kumpunguzia nguvu za uume wake, na mzee aliyekubali jambo hilo alikuwa anachagua kati ya mawili mazito. Aidha, kwa wengi maradhi yalirudi baada ya muda. Huggins hakulifumbia macho hilo. Alihisi kwamba tezi zilizo juu ya figo nazo hutoa homoni za kiume, na mwaka 1945, yeye na William Wallace Scott walitoa habari za wagonjwa walioondolewa tezi hizo. Jaribio halikufanikiwa, kwa kuwa binadamu hawezi kuishi bila ya homoni nyingine zitokazo humo, na dawa ya kuzifidia ilikuwa bado haijapatikana. Kotisoni ilipopatikana, Huggins alilirudia jambo lile, na kuanzia mwaka 1951 alionyesha kwamba hata baadhi ya wanawake wenye saratani ya matiti iliyotapakaa hupata nafuu kwa njia hiyo.

Mwaka huo wa 1951 ndipo alipowekwa kuwa mkurugenzi wa Maabara ya Ben May ya Utafiti wa Saratani, hapo hapo Chicago, kazi aliyoishika mpaka 1969. Aliiendesha kwa namna yake. Alipenda kikundi kidogo, hakupenda mikutano mingi, na yeye mwenyewe alikaa kwenye meza ya majaribio kama vijana wake. Hakuwa mkubwa wa kutia sahihi tu.

Matunda ya malezi hayo yalionekana. Scott alikwenda kuongoza taasisi ya njia ya mkojo ya Johns Hopkins kuanzia 1946. Hodges aliongoza fani hiyo katika chuo cha udaktari cha Oregon. Elwood Jensen, mwanakemia aliyeletwa na Huggins, aligundua namna homoni ya kike inavyopokewa ndani ya seli, na mpaka leo saratani ya matiti hupimwa kwa msingi huo kabla ya kuchaguliwa dawa. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966 pamoja na Peyton Rous, miaka 25 baada ya kazi yake ile ya 1941. Alifariki dunia mjini Chicago Januari 12, 1997, akiwa na umri wa miaka 95. Mwaka 2011 dawa iitwayo abirateroni iliruhusiwa nchini Marekani. Kazi yake ni kuzuia mwili usitengeneze homoni za kiume, zikiwemo zile zitokazo katika tezi za juu ya figo. Yale aliyoyajaribu kwa kisu na kushindwa, vizazi vilivyomfuata vimeyatimiza kwa kidonge.

Tunajifunza nini? Kwanza, bingwa hazaliwi na cheti. Siku hizi katika vyuo vikubwa vya Marekani, mpasuaji aliyekwisha kufuzu fani ya njia ya mkojo akitaka kubobea katika saratani huongeza mafunzo ya mwaka mmoja au miwili, na mara nyingi sehemu kubwa ya muda huo ni ya utafiti. Wapo watakaouliza kwa nini mtu mzima, anayejua kupasua, akae mwaka mzima maabarani ilhali wagonjwa wamejaa barazani. Swali hilo ni la haki, hasa kwetu sisi ambao wapasuaji wetu ni wachache. Jibu letu ni kwamba, lau Huggins angebanwa wodini asubuhi na jioni, angewapasua watu wengi Chicago, na saratani ile ingebaki kama ilivyokuwa. Muda aliopewa umewafaa wagonjwa wasio na idadi duniani kote.

Pili, mafunzo hayo hayana budi kuwa na makazi. Afrika Mashariki imekwisha kuanza. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, huwafunza madaktari wetu, wakiwemo wa njia ya mkojo, katika hospitali za nchi hizi hizi. Wajibu wa viongozi ni kuhakikisha kwamba kijana anayerejea na ubingwa hakabidhiwi mafaili na ufunguo wa ofisi, bali anapewa chumba cha upasuaji, maabara iliyo karibu nacho, na wanafunzi wa kuwarithisha. Tukimsomesha mtu kisha tukamnyima vyombo, tumepoteza mali ya umma mara mbili.

Mwisho, tunasema na wanaume wenzetu. Kazi yote hii ya wataalamu haitamfaa mtu anayekwenda hospitali siku ambayo maradhi yamekwisha kuingia mifupani. Kuamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, mkojo kutoka kwa shida, au damu kuonekana ndani yake, si lazima iwe saratani, lakini yote hayo yanastahili kupimwa. Vile vile saratani hii huweza kuanza kimya kimya bila ya dalili yoyote, kwa hivyo mwanamume aliyefika makamo, hasa ambaye baba yake au nduguye aliwahi kuipata, amuulize daktari habari za kipimo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenda kwa daktari hakumpunguzii mtu heshima yake nyumbani, na mzee aliyewahi mapema huwapa watoto wake miaka mingine ya kukaa naye.