Philidor: Mwanamuziki aliyeacha ulinzi unaowasumbua wanaoanza chesi

Ukianza kucheza chesi, iwe Kisii mjini au Nyamira, hukawii kukutana na mpinzani wa aina hii. Unasukuma askari wa mfalme hadi e4, anajibu e5. Unatoa farasi f3 kumtishia askari huyo. Yeye anasogeza mwingine hatua moja tu, d6, halafu anatulia kama hana haraka. Unashambulia, hupiti. Unachoka, unapoteza kete, mchezo umekwisha.

Ulinzi huo una jina la mtu. François-André Danican Philidor alizaliwa Dreux, Ufaransa, Septemba 7, 1726, katika ukoo wa wanamuziki wa mfalme. Akiwa mtoto aliimba katika kwaya ya kanisa la mfalme kule Versailles. Wanamuziki walicheza chesi wakisubiri ibada, naye akajifunza hapo kwa kutazama.

Paris alimpata mwalimu, Legall, bingwa wa mkahawa wa Café de la Régence. Mwanzoni Legall alicheza naye bila ngome moja, ili kijana apate angalau nafasi. Miaka kama mitatu baadaye walikuwa sawa.

Mwaka wa 1745 alienda Uholanzi kwa ziara ya muziki. Tamasha zikavunjika, akabaki ugenini bila pesa. Chesi ndiyo iliyomlisha. Mwaka wa 1747, akiwa London, alimshinda Stamma, mchezaji maarufu kutoka Aleppo, Syria. Mwaka wa 1749, akiwa na miaka 22 tu, alichapisha kitabu chake. Wengi wakati huo waliwatupa askari ovyo ili kete kubwa zishambulie. Yeye alifundisha kwamba askari ndio roho ya mchezo. Hata ile d6 ilitoka kwenye wazo hilo: alitaka farasi wasimzibie askari wa f, ili baadaye amsukume hadi f5.

Sasa ufanyeje? Hatua yako ya tatu iwe d4, mara moja. Askari wa d6 amemzibia askofu wake mwenyewe, kwa hivyo mpinzani amebanwa. Wewe fungua katikati. Akikula d4, mle kwa farasi, una nafasi tele. Akileta askofu g4 kumbana farasi wako, kula e5. Akijibu kwa kula kwa askari, badilisheni malkia pale d8, kisha farasi wako aliyefunguka anakula e5 bure. Akitoa farasi d7, leta askofu c4 umulike f7, mraba unaolindwa na mfalme peke yake.

Paul Morphy, Mmarekani, alionyesha njia hiyo mwaka wa 1858 ndani ya jumba la opera Paris, dhidi ya makabaila wawili waliocheza pamoja. Walileta askofu g4 mapema. Hatua 17, kwisha.

Legall naye aliacha mtego wake, na cha kuchekesha ni kwamba unafanya kazi dhidi ya ulinzi wa mwanafunzi wake. Askofu wako yuko c4, farasi wa pili c3, na askofu wa mpinzani g4. Unakula e5 kwa farasi aliyebanwa na kumwacha malkia. Akimla tu, askofu wako anakula f7, mfalme anakimbilia e7, farasi wa c3 anaruka d5, amefungwa. Lakini angalia: kama ana farasi c6, usithubutu. Atakula farasi wako pale e5 na utabaki umepungukiwa.

Panga hatua hizo kwenye ubao mara kadhaa. Wachongaji wa Tabaka huchonga seti nzuri za jiwe la sabuni, ingawa nyingi huishia kwa watalii.

Philidor mwenyewe hakuacha muziki. Opera yake Tom Jones ilitoka 1765. Uzeeni alienda London kila mwaka kucheza kwa malipo katika klabu ya Parsloe's, na mwaka wa 1783 alicheza michezo mitatu kwa pamoja bila kutazama ubao. Kisha Mapinduzi ya Ufaransa yakaja. Mwaka wa 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani, njia ikafungwa, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya waliotoroka nchi. Familia ilikuwa Paris. Aliaga dunia London, Agosti 31, 1795, akiwa na miaka 68, bila kurudi kwao.