Visiwa vya Kumtumaini Mungu

Asafiriye kutoka Tanga kwenda Pangani hupita kwanza Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ndipo afike Kigombe, kijiji cha wavuvi na mkonge. Katika bahari ya upande huo Vasco da Gama alikwamisha merikebu yake São Rafael mwaka 1498. Mwaka uliofuata, aliporudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wake wengi wamekwisha kufa kwa kiseyeye, aliichoma moto papo hapo, maana watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Miaka 43 baadaye, mapema mwaka 1542, merikebu nyingine ya Wareno ilipita pwani yetu ikitoka Msumbiji kwenda Malindi. Hatudai kwamba ilitia nanga Kigombe. Lakini ndani yake alikuwamo Mtakatifu Fransisko Ksaveri, nasi twapenda kumweleza leo, kwa kuwa wazee wa pwani ya Tanga wanajua jinsi riziki inavyoponyoka. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, kamba za nailoni zilipoenea, wengi waliotegemea mshahara wa shamba walibaki mikono mitupu.

Naye aliyajua hayo tangu utoto. Alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Javier, nchini Navarra. Baba yake alifariki mwaka 1515, na mwaka uliofuata askari wa Castilla wakabomoa minara ya nyumba yao. Kijana huyo akaenda Paris kutafuta elimu na cheo, na Mtakatifu Inyasi wa Loyola alihitaji muda mrefu kumgeuza moyo. Mwaka 1534 walifunga nadhiri pamoja na wenzao.

Alipotakiwa kwenda Bara Hindi alipewa muda mfupi tu wa kujitayarisha, akashona viraka vya kanzu yake, akaondoka. Huko Lisbon maofisa wa mfalme walitaka kumpa mtumishi, wakiona ni aibu mjumbe wa Baba Mtakatifu kufua nguo na kupika mwenyewe. Akakataa. Akapokea vitabu vichache na nguo nzito ya kujikinga na baridi ya kusini mwa Afrika. (Ile nguo nzito hatuipuuzi: hakuwa mtu wa kutafuta baridi kwa makusudi.) Safarini aliwagawia wagonjwa chakula alicholetewa kutoka mezani pa gavana. Msumbiji walikaa karibu nusu mwaka wakingoja majira ya kusafiri. Akawauguza wengine hospitalini hata yeye mwenyewe akashikwa na homa, akawaachia waganga wamtoe damu kama ilivyokuwa desturi ya siku zile.

Twalikumbuka jambo hilo kwa sababu ya lile lililofuata. Mwaka 1546 alikuwa Ternate, katika nchi iitwayo leo Indonesia, akaazimu kuwaendea Wakristo wa visiwa vya Moro, ambao padre wao aliuawa na wakaachwa bila mchungaji. Watu wa Moro walisifika kwa kutilia adui zao sumu katika chakula. Rafiki zake walilia, wakamzuia, na walipoona hazuiliki wakamletea dawa za kila namna za kuzuia sumu. Aliwashukuru kwa upendo, asichukue hata moja. Baadaye aliandika kwamba hakutaka kujitwisha mzigo wa hofu ambayo hakuwa nayo, na kwamba visiwa vile vingefaa kuitwa visiwa vya kumtumaini Mungu, maana hakuna mahali alipopata faraja nyingi kama huko, pasipo chakula kizuri wala rafiki wa karibu.

Je, mama wa Kigombe mwenye mtoto mgonjwa aache dawa? Hasha! Aliyewaachia waganga mkono wake Msumbiji asingemshauri hivyo. Aliona kwamba vichupa vile, kwake yeye na kwa safari ile, vingemfanya ahesabu vichupa badala ya kumwelekea Bwana wake. Kila mtu na apime ni kitu gani nyumbani mwake kinachohesabiwa hivyo usiku, iwe ni fedha, ng'ombe au ndugu aliye mjini.

Mwaka 1552, baada ya kuhubiri Japani, alikusudia kuingia China. Alipatana na mfanyabiashara mmoja Mchina amvushe kwa siri, na malipo yake yawe pilipili manga. Akangoja katika kisiwa cha Sancian, mahali panapoonekana bara ya China. Mfanyabiashara hakuja. Homa ikamshika mwezi wa Novemba. Akapelekwa merikebuni apate nafuu, lakini mawimbi yakamtesa, akaomba kurudishwa pwani, katika kibanda kilichokuwa wazi kwa upepo. Antonio, kijana Mchina aliyefuatana naye, alikesha kando yake, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 3 Desemba akamshikisha mshumaa mkononi. Walikuwa watu wachache tu waliomzika.

Huko Malindi kingali kikanisa kidogo cha mawe kando ya bahari, kiitwacho kwa jina lake.