Maisha ya Daktari Hansen wa Bergen

Tangu zamani za Musa watu wameuogopa ukoma kuliko maradhi mengine. Mwenye ukoma alikaa mbali na wenzake, na hata leo wako wasemao ya kuwa ugonjwa huu ni laana, au ni urithi wa ukoo mbaya. Kwa hiyo twaona yafaa kuwasimulia maisha ya mtu aliyeitafuta asili ya ukoma mpaka akaiona. Wala hatutalificha kosa lake, maana nalo lina fundisho.

Jina lake ni Gerhard Armauer Hansen. Alizaliwa tarehe 29 Julai 1841 katika mji wa Bergen, pwani ya magharibi ya Norwei, katika nyumba yenye watoto 15. Watu wengi hudhani kwamba ukoma ni ugonjwa wa nchi za joto tu, sivyo. Norwei ni nchi ya baridi na theluji, na ukoma ulienea sana kwa wavuvi na wakulima maskini wa pwani ile. Mwaka 1856 serikali ilianza kuwaandika wagonjwa wote katika daftari moja, na hesabu yao ilikaribia 3,000.

Hansen alimaliza masomo ya udaktari mwaka 1866, akaenda kuwatibu wavuvi wa visiwa vya Lofoten. Mwaka 1868 akarudi Bergen, akafanya kazi katika hospitali ya wenye ukoma chini ya Daktari Danielssen, mzee mwenye sifa kubwa. Mzee huyo alifundisha ya kuwa ukoma hurithiwa, mtoto huupata kwa damu ya wazazi wake. Madaktari wengi walilishika neno hilo. Basi aliyepatwa na ukoma, ukoo wake wote ulitiwa alama.

Lakini Hansen hakuridhika. Alisafiri vijijini, akaingia nyumba kwa nyumba, akiuliza nani aliugua kwanza, nani aliishi naye, nani akafuata. Akaona kwamba ugonjwa haufuati damu peke yake, bali hutoka kwa mtu na kumpata mwenziwe. Ndipo akaanza kuchungua vinundu vya wagonjwa kwa hadubini, na mwezi wa Februari 1873 akaona ndani yake vijidudu vyembamba kama vijiti. Hivyo ni mojawapo ya vijidudu vya kwanza kabisa kujulikana kuwa vyaleta ugonjwa kwa wanadamu. Mwaka huo huo ulikuwa wa msiba kwake, maana alikuwa amemwoa binti wa Danielssen, naye akafa kwa kifua kikuu kabla mwaka haujaisha.

Sasa tuseme habari ya kosa lake. Wengi hawakumwamini, naye alitamani mno kupata hakika. Mwaka 1879 alichukua uchafu wa ugonjwa kutoka kwa mgonjwa mmoja, akamchoma nao jichoni mwanamke aliyekuwa na ukoma wa namna nyingine, pasipo kumwomba ruhusa. Mwanamke yule alikuwa mgonjwa tu, hana mali wala cheo. Hata hivyo neno lake lilisikiwa. Mwaka 1880 Hansen alishtakiwa, akaonekana ana hatia, akaondolewa katika kazi ya hospitali. Aliachiwa kazi ya kuangalia mambo ya ukoma katika nchi nzima. Hivyo tunajifunza ya kuwa mwenye ukoma si kitu cha kujaribia, hata kwa kusudi jema. Ni mtu, na mwili wake ni wake.

Mwaka 1888 Hansen alivuka bahari kwenda Marekani, kuwatazama Wanorwei waliohamia huko. Aliwatafuta watoto na wajukuu wa wenye ukoma, asione hata mmoja mwenye ugonjwa ule. Basi hoja ya urithi ikazidi kudhoofika. Huko kwao zilitungwa sheria mwaka 1877 na 1885, za kuwatenga wagonjwa hospitalini au katika chumba chao nyumbani. Wagonjwa wapya wakapungua mwaka kwa mwaka, ila kutengwa kuliwaumiza wengi. Hansen alifariki tarehe 12 Februari 1912 huko Florø, akiwa safarini kwa kazi yake. Ukoma wenyewe huitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Hansen.

Dawa hakuiona, lakini sisi tunayo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, na mgonjwa huzimeza kwa miezi 6 au 12, akapona. Tangu 1995 hutolewa bure. Akiisha kuanza dawa, baada ya muda mfupi hawezi tena kuwaambukiza wengine. Tena miili ya watu walio wengi yaweza kuvishinda vijidudu hivi yenyewe. Vidole navyo havianguki kwa laana: mishipa ya fahamu huharibika, mkono hufa ganzi, na mtu huungua au hujikata asisikie.

Kwa hiyo, ndugu, ukiona mwilini baka lisilosikia ukiligusa, au ganzi mikononi na miguuni, usifiche kwa aibu. Nenda upesi kwa daktari, kabla viungo havijalemaa. Nanyi mlio wazima, aliyepona akirudi kijijini, mpeni mkono, mleni naye sahani moja, na kanisani mketi naye benchi moja. Bwana wetu hakuogopa kumgusa mwenye ukoma siku zile pasipokuwa na dawa. Je, sisi tulio na dawa, tutaogopa nini?