Bob Marley Alikuwa Mwanafunzi Kabla ya Kuwa Nyota

Ni nadra mtu kupita katika mji wowote wa Kenya bila kukutana na sura ya Bob Marley. Imechorwa kwenye matatu, kwenye fulana na kwenye kuta za vinyozi. Vijana wengi wanaomhusudu mwanamuziki huyu huamini kwamba kipaji chake kilimshukia kama mvua: kwamba aliamka siku moja, akashika gitaa, akawa bingwa. Baadhi yao huiga nywele na moshi, wakadhani wameiga sanaa. Imani hiyo si ya kweli, na inamdhuru mwanafunzi kwa kuwa inamfunza kungojea kipaji badala ya kukifanyia kazi. Maisha ya Marley, yakichunguzwa vyema, ni maisha ya mtu aliyefunzwa.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann, nchini Jamaika. Mamake, Cedella Malcolm, alikuwa msichana wa kijijini humo. Babake, Norval Marley, alikuwa Mzungu aliyempita mkewe umri kwa miaka mingi, na hakuishi nao. Alifariki mwaka 1955. Mtoto akalelewa na mama na jamaa za mama. Kuelekea mwisho wa miaka ya hamsini, mama na mwana walihamia jiji la Kingston, wakaishia katika mtaa wa Trench Town, ambako nyumba zilijengwa kuzunguka nyua na majirani wakatumia jiko na bomba kwa pamoja.

Huko Bob aliacha shule angali kijana, akawa mwanagenzi wa kuchomelea vyuma, mfano wa vijana wetu wa jua kali. Siku moja kipande cha chuma kilimwingia jichoni, na masaibu hayo yakampa sababu ya kuiacha kazi hiyo na kuufuata muziki. Mnamo 1962, akiwa bado kijana wa miaka kumi na kitu, alirekodi wimbo wake wa kwanza. Wimbo huo haukuvuma. Lau kipaji peke yake kingetosha, nyota yake ingeng'aa siku hiyo.

Kilichokosekana ni mafunzo, na mwalimu hakuwa mbali. Katika mtaa huo huo aliishi Joe Higgs, mwimbaji aliyekuwa amekwisha kujipatia jina pamoja na mwenzake Roy Wilson. Higgs aliwafungulia vijana ua wake. Hakuwadai karo wala hakuwapa vyeti. Bob alifika hapo pamoja na rafiki yake wa utotoni Neville Livingston, aliyekuja kujulikana kama Bunny Wailer, na Peter Tosh. Higgs aliwafunza namna ya kuvuta pumzi, namna ya kupatanisha sauti tatu zisigongane, na namna ya kurudia kipande kimoja hadi kosa litoke. Waliporekodi kwa Clement Dodd wimbo wa Simmer Down, uliotikisa kisiwa kizima mnamo 1964, walikuwa wamekwisha kupikwa wakapikika.

Kuhusu gitaa, walimu walikuwa wengine. Kati ya vijana hao watatu, aliyetangulia kulimudu ni Tosh. Husimuliwa kwamba utotoni alimwona mtu akipiga wimbo uliomvutia, akakaa akivitazama vidole vyake kwa saa nyingi, kisha akaliomba gitaa na kuurudia wimbo ule ule. Mwingine alikuwa Vincent Ford, aliyemhifadhi Bob katika ua wake hapo Trench Town, ambapo kijana huyo alijizoeza kupiga gitaa. Wimbo maarufu wa No Woman, No Cry, uliotolewa mwaka 1974, umeandikishwa kwa jina la Ford kuwa mtunzi. Sababu za jambo hilo zingali zinabishaniwa, lakini jina la mtu wa uani limebakia pale palipo jina la wimbo.

Alijifunza nini hasa? Msikilizaji wa juujuu hudhani kwamba gitaa la rege ni jepesi, kwani wimbo mzima waweza kupigwa kwa mabano matatu au manne ya vidole. Ugumu wake umo katika wakati. Katika muziki wa roki, pigo la kwanza ndilo hubeba uzito. Katika rege, ngoma huliacha pigo la kwanza wazi, na uzito ukaangukia pigo la tatu. Gitaa nalo hujibu katika pigo la pili na la nne, kwa sauti fupi kama kikohozi. Mkono wa kulia huzipiga nyuzi mara moja, na papo hapo vidole vya kushoto hulegezwa pasipo kuziacha nyuzi, ili sauti ikatike. Mwanafunzi wa rege, basi, hutumia muda mwingi kujifunza kunyamaza kwa wakati ufaao.

Sisi tunaofundisha lugha tunalielewa jambo hili vizuri. Chukua neno barabara. Mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tunapata njia ya magari. Ukisogezwa nyuma kwa silabi moja, maana inakuwa sawasawa, au vilivyo. Sauti ni zile zile ila mkazo umehama, na maana nayo ikahama. Mpiga gitaa wa roki anayeingia katika rege hujikuta katika hali hiyo: nyuzi anazijua, vidole anavyo, lakini mkazo wake uko mahali pa lugha nyingine.

Hili lilidhihirika mwaka 1972, Chris Blackwell wa kampuni ya Island alipowapa vijana hao pauni 4,000 ili watengeneze albamu. Kanda zilipofikishwa London, Blackwell alimwalika Wayne Perkins, mpiga gitaa kutoka kusini mwa Marekani, aongeze sauti za roki. Perkins hakuwa ameuzoea muziki huo. Ilimbidi kwanza asikilize na kutafuta pigo la kwanza limejificha wapi, ndipo apige. Albamu hiyo, Catch a Fire, ilitolewa mwaka 1973, na gitaa lake katika wimbo wa Concrete Jungle lingali linasifiwa. Mwaka uliofuata Mwingereza Eric Clapton, aliyekuwa tayari bingwa wa roki, aliuimba upya wimbo wa Marley uitwao I Shot the Sheriff, nao ukafika kilele cha chati ya Marekani mnamo Septemba 1974. Mabingwa wa nchi tajiri walikubali kuwa wanafunzi wa ua wa Trench Town.

Naye mwalimu wa ua huo hakutoweka. Bunny alipokataa kusafiri katika ziara ya Marekani mwaka 1973, aliyeitwa kuijaza nafasi yake alikuwa Joe Higgs. Mwalimu alisimama jukwaani nyuma ya mwanafunzi wake.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi. Bunny na Tosh walijitenga, Marley akaendelea na kundi jipya. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki walimvamia nyumbani kwake Kingston wakamjeruhi, naye akapanda jukwaani siku mbili baadaye. Tarehe 22 Aprili 1978 aliwaita jukwaani mahasimu wawili wa siasa za Jamaika, Michael Manley na Edward Seaga, akaishikanisha mikono yao. Mwezi wa Aprili 1980 alitumbuiza mjini Harare, uliokuwa ukiitwa Salisbury, katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu ilimuua mjini Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Alizikwa Nine Mile pamoja na gitaa lake. Higgs alifariki mwaka 1999, na ni wachache mno miongoni mwa wanaovaa fulana za Marley waliowahi kulisikia jina lake.

Huenda msomaji akapinga kwamba waliopita katika ua wa Higgs walikuwa wengi, ilhali Marley alikuwa mmoja. Hoja hiyo ina uzito, nami sikatai kwamba kipaji kipo. Hata hivyo, ua ule ule ulimtoa Tosh, ukamtoa Bunny, ukalitoa pia kundi la Wailing Souls. Mbegu moja ikiota twaweza kuisifu mbegu, lakini shamba zima likistawi, hatuna budi kumuuliza mkulima alifanya nini.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wasilipuuze somo la muziki kwa kuwa halimpi mwanafunzi alama za kumwingiza chuo kikuu. Katika shule nyingi magitaa na ngoma hutolewa stoo msimu wa tamasha tu, kisha hufungiwa hadi mwaka ujao. Milango hiyo na ifunguliwe kila jioni. Isitoshe, karibu kila kijiji kina mzee aliyewahi kupiga gitaa katika bendi enzi za ujana wake. Mzee huyo na aalikwe shuleni, hata kama hana cheti. Higgs hakuwa nacho.

Nawe mwanafunzi unayempenda Marley, anza pale alipoanzia. Tafuta anayekushinda, uketi karibu naye, uvitazame vidole vyake. Kisha rudia pigo moja, la pili na la nne, hadi jirani achoke kukusikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bob Marley aliinama miaka mingi kabla ulimwengu haujamwona amesimama.