Simon Kimbangu: Miezi Mitano Huru, Miaka Thelathini Gerezani

Sisi Waislamu twaamini kuwa utume ulikoma kwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Basi Simon Kimbangu kuitwa nabii ni jina la wafuasi wake. Lakini kisa chake chafaa kujulikana.

Alizaliwa Nkamba, Kongo ya magharibi, mwaka 1887, akalelewa katika misheni ya Wabatisti. Tarehe 6 Aprili 1921, yasemekana, alimwombea mwanamke mgonjwa akapona. Watu wakaacha kazi, wakamiminika Nkamba kwa maelfu. Akawaamuru wachome sanamu zao za uganga, waache ulevi na ngoma, na mume awe na mke mmoja tu. (Hapo wengi wetu tungeteta naye!)

Mapadri wa Kikatoliki walimpinga vikali. Wabatisti waliomlea wakasitasita. Wabelgiji nao walimwona mwasi, ijapokuwa hakushika silaha. Askari walipomwendea mwezi wa Juni aliwaponyoka. Septemba akarudi mwenyewe, akajitoa. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, Mfalme Albert akageuza hukumu iwe kifungo cha maisha. Alipelekwa mbali na kwao, hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mji wasemao Kiswahili, akafia gerezani humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Miaka hiyo yote mkewe, Marie Muilu, aliwashika wafuasi kwa siri. Kanisa lao lilikubaliwa na serikali Desemba 1959, na mwaka 1960 maiti ya Kimbangu ikarudishwa Nkamba. Wafuasi wake hawali nguruwe, na waingiapo Nkamba huvua viatu.